Kigari adimu au umeingizwa mjini? Mambo ya kujua wewe na mwenzi wako

Kila nyumba ina kabati lake la ugomvi. Kwa wengine ni kabati la viatu vya mama, pea arobaini na bado anasema hana cha kuvaa. Kwa wengine ni maspika ya baba yanayotikisa dirisha la jirani. Mwezi huu nataka tuongelee kabati nililokutana nalo kwenye sebule za marafiki zangu kadhaa hapa Dar. Ni la vioo, lina taa ndogo ndani, na limejaa vigari vya kuchezea ambavyo mtoto wa nyumba haruhusiwi kuvigusa!

Usicheke kwanza. Vigari hivi si vile vya plastiki vinavyovunjika tairi kabla hamjafika nyumbani. Bodi zake zimetengenezwa kwa zinki iliyochanganywa na aluminiamu na madini mengine kidogo, ikayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Ndiyo maana ukikiweka kiganjani unasikia uzito. Wenyewe wanaviita daikasti. Kimoja unaweza kukinunua kwa pesa ya chipsi mayai, na kingine kinafanana nacho kabisa, ila bei yake ni pesa ya kiwanja. Jicho la mtu wa kawaida haliwezi kuvitofautisha. Sasa kama jicho la mumeo nalo haliwezi kuvitofautisha, na kadi ya benki iko mfukoni mwake, mna tatizo.

Shosti yangu mmoja niliyesoma naye chuo ameolewa na mkusanyaji wa vigari hivi. Shemeji ana zaidi ya mia tatu. Wote wawili wana ajira, wana mtoto mmoja, na wanadunduliza hela ya kiwanja. Nimekaa nao jioni kadhaa, tumevishusha vigari, tumevigeuza, tumevisoma. Wamenikubalia niandike waliyopitia mradi nisiwataje majina. Na nikuambie ukweli, nilichojifunza pale kinahusu vigari, lakini kinahusu uaminifu pia.

VILIANZIA KWA BINTI WA SHULE

Tuanze na historia kidogo, maana bila historia hutajua kipi ni adimu na kwa nini.

Mwaka 1947 jijini London, marafiki wawili waliotoka kwenye jeshi la majini, Leslie Smith na Rodney Smith, walianzisha kampuni ndogo ya kumimina madini. Pamoja na kushea jina la ukoo, hawakuwa ndugu. Waliunganisha majina yao ya kwanza, wakapata Lesney. Baadaye akaingia fundi aitwaye Jack Odell. Binti yake alikuwa anasoma shule ambayo iliruhusu mtoto aje na mchezo mmoja tu, tena ule unaoweza kuingia ndani ya kiboksi cha kiberiti. Baba mtu akamtengenezea greda dogo la kushindilia barabara, likaingia humo. Wenzake darasani nao wakalitaka. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Matchbox, yaani kiboksi cha kiberiti, na vigari vyake vikaanza kuuzwa mwaka 1953.

Waingereza walikuwa na wengine pia. Dinky Toys ilitoka kwa kampuni ya Meccano ya Liverpool tangu miaka ya 1930. Corgi Toys ilianza mwaka 1956, kiwanda chake kikiwa Swansea, na ilijitangaza kwa vigari vyenye vioo vya madirisha, kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho wakati huo. Halafu mwaka 1968 Wamarekani wa kampuni ya Mattel wakaleta Hot Wheels: magari kumi na sita ya kwanza, rangi za kung'aa, tairi zenye mstari mwekundu, na mbio za ajabu. Matchbox ikashtuka, na mwaka 1969 ikaanza kubadilisha magurudumu yake yote yawe ya kasi. Lesney yenyewe ilifilisika mwaka 1982. Mwaka 1997 jina la Matchbox likaishia mikononi mwa Mattel, yule yule mshindani aliyeitoa jasho!

Mtoto wa leo wa Dar anayeshika Matchbox na Hot Wheels, anashika mali ya kampuni moja.

UZEE SI UADIMU

Hapa ndipo watu wengi wanapoingizwa mjini. Muuzaji anakuambia, "Hii ni ya zamani, bosi, ya enzi za ukoloni," na wewe unaanza kuhesabu noti. Subiri kwanza!

Chukua mfano wa Aston Martin ya James Bond iliyotolewa na Corgi mwaka 1965, namba 261. Ina paa linalofunguka, na ukibonyeza, kiti kinamrusha abiria nje. Mwenye macho atagundua kwamba ilipakwa rangi ya dhahabu, wakati kwenye sinema gari lilikuwa la fedha. Ni ya zamani, ina jina kubwa, kila mtu anaitaka. Lakini iliuzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo ukiletewa moja iliyobanduka rangi, haina boksi, abiria alisharushwa mwaka 1966 na hakurudi tena, hiyo ni kumbukumbu nzuri tu ya kuweka mezani. Bei inapanda pale inapokuwa safi, na boksi lake, na abiria wake, na ile bahasha ya maelekezo ya siri.

Sasa linganisha na kigari kingine, Volkswagen Beach Bomb ya Hot Wheels ya mwaka 1969. Ni basi dogo la Volkswagen, na mwanzoni mbao za kuteleza kwenye mawimbi zilichomoza kupitia dirisha la nyuma. Kigari kikawa chembamba mno na kizito juu, kikashindwa kupita vizuri kwenye mashine ya kuvirusha vigari barabarani. Mafundi wakakipanua, wakahamishia mbao ubavuni, na toleo hilo ndilo lililofika madukani. Yale ya majaribio yakabaki machache sana. Moja la pinki, ambalo mmiliki wake ni mkusanyaji wa Marekani aitwaye Bruce Pascal, thamani yake hutajwa kuwa zaidi ya dola 100,000. Kigari cha kuingia kiganjani!

Umeona tofauti? La kwanza lina umaarufu, la pili lilishindwa kazi. Kinachokifanya kigari kiwe adimu ni idadi iliyotoka, idadi iliyobaki, na hali yake leo. Umri peke yake hauna hoja.

KIGEUZE, SOMA TUMBO

Siku moja jamaa mmoja alimletea shemeji Hot Wheels akiwa amekifunga kwenye kitambaa kama almasi. Bei, laki nne na nusu. "Ni ile ya kwanza kabisa, ya 1968, angalia mwenyewe imeandikwa chini." Kweli, chini palikuwa na namba 1968 na jina la Mattel. Shemeji akaanza kutokwa jasho. Shosti yangu, ambaye kazi yake ni uhasibu na hakujaliwa papara, akaomba akitazame.

"Baba watoto, hapa pameandikwa Malaysia."

"Kwani kuna nini?"

"Wewe si ndiye uliyeniambia za kwanza zilitoka Marekani na Hong Kong?"

Kimya. Jamaa akaanza kukunja kitambaa chake.

Somo lenyewe ni hili. Mwaka ulioandikwa chini ya Hot Wheels ni mwaka wa kusajili umbo la kigari hicho. Kalibu moja inaweza kutumika miaka na miaka, kwa hiyo kigari kilichotoka kiwandani juzi kinaweza kuwa na 1968 tumboni bila mtu yeyote kudanganya. Kiwanda cha Malaysia kiliingia kwenye hadithi hii miaka ya 1980. Zile za mwanzo utazijua kwa mstari mwekundu kwenye tairi, ambao ulidumu mpaka mwaka 1977, na kwa rangi ya kung'aa iliyopakwa juu ya madini yaliyosuguliwa, ikapenya mwanga kama pipi.

Kwa zile zilizotoka tangu takriban mwaka 2008, angalia kodi ndogo iliyopigwa chini: herufi moja na tarakimu mbili. Herufi ni ya mwaka, tarakimu ni za wiki. Hiyo ndiyo inayokuambia kigari kilizaliwa lini hasa.

Kwa Matchbox, tafuta neno Lesney pamoja na England. Ukiona Macau, China au Thailand, ujue kigari kilitoka baada ya kampuni kuuzwa. Hakijawa kibaya kwa sababu hiyo, ila bei isiwe ya Lesney.

HAZINA ILIYOJIFICHA DUKANI

Si lazima uwinde vya kale. Mwaka 1995 Hot Wheels walianzisha kitu kinaitwa Treasure Hunt, yaani msako wa hazina. Mwaka ule walitoa vigari kumi na viwili, kila kimoja 10,000 tu kwa dunia nzima, wakavichanganya kwenye maboksi na vya kawaida kwa bei ile ile. Mwaka 2007 wakaongeza daraja la juu, ambalo wakusanyaji wanaliita Super.

Utaitambuaje? Shemeji alinipanga vitatu mezani, gari lile lile, rangi inakaribiana.

Cha kawaida kina rangi ya kawaida na magurudumu ya plastiki.

Treasure Hunt ya kawaida ina alama ndogo ya duara lenye moto, imechorwa kwenye bodi, imejichanganya na michoro mingine. Kwenye matoleo ya miaka ya karibuni alama hiyo ya rangi ya fedha huonekana pia kwenye kadi, nyuma ya kigari. Hii inafurahisha kuipata, lakini usiitolee mshahara.

Super ndiyo yenyewe. Rangi yake inang'aa kama peremende iliyolambwa, tairi zake ni za mpira halisi, na mahali fulani kwenye bodi kuna herufi TH. Kwenye kadi, alama yake ni ya dhahabu. Ukivikuta viwili vinaning'inia dukani bega kwa bega, angalia tairi kwanza. Mpira haung'ai kama plastiki.

Mnyonge wa wakusanyaji ni yule anayefika dukani saa mbili baada ya mwenzake. Shemeji anasema ameshasimama kwenye kaunta ya vichezeo mpaka mlinzi akamfuata kumwuliza kama amepotelewa na mtoto.

KIGARI CHA KWETU

Kwenye mia tatu zote, hiki ndicho kilichonigusa, tena shemeji hanacho.

Mwaka 1953, mwaka ule ule Matchbox vilipoanza kuuzwa, ilifanyika huku kwetu mbio ya magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikaitwa East African Safari. Matope, vumbi, mito iliyofurika, wanyama wakikatiza. Volkswagen Beetle, lile gari lenye mgongo kama kobe, lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Dunia nzima ikajua kwamba gari likimaliza Safari, basi ni gari kweli. Mbio hiyo ipo hadi leo upande wa Kenya, na mwaka 2021 ilirudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia.

Corgi nao wakatengeneza kigari chake. Kilitoka kati ya mwaka 1965 na 1968, namba 256: Volkswagen nyekundu yenye mavazi ya East African Safari, tairi ya akiba juu ya paa, na ukiizungusha hiyo tairi, magurudumu ya mbele yanakata kona. Ndani ya boksi alikuwemo pia kifaru. Ndiyo, kifaru mdogo wa kumsimamisha mbele ya gari!

Sasa fikiria mtoto wa mwaka 1966. Gari atalitunza, lakini kifaru atakwenda naye kwenye mchanga, bafuni, kitandani. Kifaru atapotea. Kwa hiyo leo Volkswagen zenyewe zinaonekana, lakini yenye kifaru wake na boksi lake ni habari nyingine kabisa. Wakusanyaji wakubwa wanasema hivi: kabla hujauliza bei, uliza kilitoka dukani na nini.

MZEE WA TANGA

Mwaka juzi shosti na shemeji walikwenda Tanga kwenye harusi ya ndugu. Jirani wa pale ni mzee mstaafu ambaye ujana wake alifanya kazi Nairobi. Wakati wanapiga stori barazani, mjukuu wa mzee akawa anaburuza kitu chekundu sakafuni. Shemeji akakodoa macho. Volkswagen. Tairi juu ya paa. Rangi imechubuka pembeni, lakini magurudumu yote yapo na tairi ya juu inazunguka.

"Mzee, shikamoo tena," shemeji akaanza, na shosti yangu anasema alipoisikia ile shikamoo ya pili akajua tayari kuna jambo. "Hiki kigari nimekipenda. Ukinipa nitampa mjukuu elfu kumi akanunue kipya."

Mzee akacheka. "Elfu kumi kwa kitu hicho? Chukua tu, mwanangu."

Pale pale shosti akamwomba mumewe wasogee pembeni, chini ya mwembe. Nilimwuliza alisema nini. Akanijibu hivi:

"Nilimwambia, mwambie mzee ni kitu gani. Akaniambia, lakini amekitoa kwa hiari yake. Nikamwambia amekitoa kwa sababu hajui na wewe unajua. Leo ukimzidi ujanja mzee wa watu aliyekukaribisha chai, kesho mimi nitakuamini vipi na ile hela ya kiwanja?"

Shemeji anakiri kwamba alinuna. Alinuna kweli, mpaka kaka wa bibi harusi akadhani wamegombana kuhusu mchango. Lakini alirudi barazani akamweleza mzee kila kitu: ni Corgi, ni ya miaka ya 1960, ni ya mbio ya Safari, na ilikuja na kifaru. Mzee akakichukua kigari kutoka kwa mjukuu, akakifuta kwa kanzu yake, akakitazama muda mrefu. Akasema aliinunua Nairobi kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Kifaru alikuwepo, anamkumbuka. Kisha akasema, "Basi kama ni hivyo, ngoja kwanza nikae nayo."

Shemeji akarudi Dar mikono mitupu. Mpaka leo nafasi ya kigari hicho kabatini iko wazi, na ukimtania anabadilisha mada. Ila shosti yangu aliniambia kwamba tangu siku hiyo ameacha kuhesabu risiti za mumewe.

Jamani, kuna wanaume wananunua maua, na kuna wanaume wanarudi barazani.

FEKI ZINAVYOPIKWA

Palipo na pesa pana wajanja. Mbinu zao si nyingi, ukizijua unakuwa mgumu kuchezewa.

Ya kwanza ni kubadilisha tairi. Wanachukua kigari cha kawaida, wanakifungua, wanakivisha tairi za mpira, halafu wanakuuzia kama Super. Ili kukifungua lazima watoboe ribiti za chini, zile pini mbili zilizobana bodi na tumbo. Kwa hiyo geuza, tazama ribiti. Ukiona tundu la kekee, gundi au skrubu mahali pasipostahili, mshukuru muuzaji na uondoke.

Ya pili ni kupaka rangi upya. Rangi mpya hujaza mifereji midogo ya milango, na ncha za herufi zinapoteza ukali. Kumbuka pia kwamba kigari cha zamani chenye michubuko na rangi yake ya kiwandani mara nyingi kinawapendeza wakusanyaji kuliko kilichopakwa upya kikang'aa.

Ya tatu ni boksi la kuchapishwa. Boksi la miaka sitini haliwezi kuwa jeupe kama karatasi ya ofisini. Nusa, pindua, tazama kona. Kama boksi limeandikwa namba moja na kigari ni namba nyingine, hiyo ni ndoa ya mkeka!

UGONJWA USIO NA DAWA

Kuna kitu kinaitwa ugonjwa wa zinki. Kama kiwandani madini yalichanganyika na risasi, hata kidogo tu, bodi huanza kuvimba na kupasuka yenyewe baada ya miaka mingi, ikawa inamung'unyika kama biskuti. Dinky nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zimekufa hivyo. Dawa hakuna. Ndiyo maana vile vilivyosalia vina bei ya kutisha. Gari moja la Dinky la kusambazia bidhaa la miaka ya 1930 liliuzwa kwenye mnada Uingereza mwaka 2008 kwa karibu pauni 20,000. Ukiletewa cha zamani sana, angalia nyufa nyembamba kama za kikombe cha udongo kabla hujakipenda.

Kwa vyako vya kawaida, adui ni jua, chumvi na unyevu. Sisi wa pwani tunavyo vyote vitatu. Usiweke kabati linapopigwa na jua la saa kumi, usivihifadhi jikoni, na usivisugue kwa dawa ya kung'arisha. Brashi laini inatosha. Na kama mna mtoto wa chini ya miaka mitatu, kabati lifungwe kwa ufunguo, si kwa ajili ya vigari, ni kwa ajili ya koo lake.

PESA, KABATI NA PENZI

Sasa tuje kwenye kile kilichonifanya niandike. Nilimwuliza shosti, mnaishije na vigari mia tatu bila kugombana? Akanipa masharti yao, na mimi nakupa wewe.

Kwanza, wana kiwango. Kila mwezi kila mmoja ana pesa yake ya starehe ambayo mwenzake haiulizi. Shemeji ananunua vigari, shosti ananunua vitenge na kwenda saluni. Kiwango kikiisha, kimeisha.

Pili, chochote kinachozidi kiwango hicho kinatazamwa na macho manne kabla pesa haijatoka. Sharti hili ndilo lililowaokoa na ile ya 1968 ya Malaysia. Mpenzi wa kitu huwa kipofu kidogo, ndiyo maana ya kuwa na mwenzi asiyekipenda sana.

Tatu, wana daftari. Kila kigari kina mstari wake: jina, namba, kilinunuliwa lini, kwa shilingi ngapi, kina boksi au hakina. Wengi wanalidharau hili, na wakati linagusa maisha na kifo. Mume akiondoka duniani leo, mke anabaki na maboksi asiyoyajua. Atayagawa kwa watoto wa jirani, au atauziwa hofu na mjanja wa kwanza atakayebisha hodi kutoa pole. Daftari la shemeji analo shosti. Ukurasa wa kwanza ameandika vile vitano ambavyo visiuzwe kwa haraka.

Nne, mtoto wao ana rafu yake. Ya chini kabisa, haina kioo, ina vigari vya kuburuza mpaka vibanduke rangi. Shemeji anasema hataki mwanawe akue akidhani gari ni kitu cha kutazamwa tu.

Na tano, hakuna anayeita kitu cha mwenzake upuuzi mbele ya wageni. Mnaweza kubishana chumbani. Sebuleni, mtetee.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Kata ukurasa huu ukae nao kwenye pochi:

Kigeuze. Kimetengenezwa nchi gani, na je, nchi hiyo inaendana na umri unaoambiwa?

Tazama ribiti. Zimewahi kuguswa?

Tazama tairi. Ni mpira, plastiki, zina mstari mwekundu?

Uliza kilitoka dukani na nini: boksi, mtu, bahasha, kifaru?

Uliza vilitoka vingapi. Kama jibu ni "vichache sana, bosi" bila maelezo, rudisha kigari mezani.

Na la mwisho: ungeweza kumweleza mwenzi wako bei hiyo leo usiku, mkiwa mezani, bila kushusha sauti?

Kama jibu la hilo la mwisho ni hapana, hata kiwe adimu namna gani, kiache kwanza.

Mwezi ujao tutaingia kwenye kabati jingine, la viatu. Akina dada, jiandaeni, maana akina baba wameshaanza kunitumia ujumbe!